Tari la Tuda

Kambini, juu ya kijiji, 4 Machi 2024

Mwanangu Lahsen,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Kasablanka, na kile kifua? Mimi mzima, ila hema linavuja na magoti yananisumbua.

Kuna jambo. Bihi, jirani yetu, kaniuliza tari la dada yako Tuda lilikuwa chumba gani siku tetemeko lilipotuangushia nyumba. Linamhusu nini? Na wanawake wananong'ona kisimani. Nikifika tu, kimya, kila mtu anaangalia ndoo yake. Wanapanga kucheza ngoma yetu ya ahwash, nawajua. Desturi ni kwamba moto wa kupashia matari unawashwa na nyumba yenye msiba, ndipo kijiji kicheze. Sisi hatujawasha. Wakipiga bila mimi, watakuwa wamemzika Tuda mara ya pili.

Mama yako

Kasablanka, 19 Machi

Mama, shikamoo. Kifua kimepoa. Wewe je, magoti?

Bihi ana mkono mrefu tangu utotoni. Nani alikuwa akimaliza tini zetu? Huku matari ya milimani yanauzwa, watalii wanatundika ukutani. Wahi kifusini kabla yake.

Mwanao

Kambini, 2 Juni

Mwanangu, salamu. Natumai u mzima. Mimi si mzima.

Nimefukua mpaka kucha zimeng'oka. Chumba cha Tuda kimeshachimbwa, tari hakuna! Nikamvaa Bihi mbele ya watu: "Mwizi! Umemuuza mwanangu kwa watalii!" Yeye akajibu tu: "Mama Tuda, vuta subira." Subira ya nini, mwizi mkubwa! Sasa napika peke yangu. Chai yao siitaki.

Mama yako

Kasablanka, 20 Juni

Mama, shikamoo. Kula vizuri, tafadhali.

Vijana wote wa kwetu huku nimewaambia. Hakuna anayepokea simu ya Bihi. Nikipata ruhusa kazini nakuja Oktoba, atanieleza.

Mwanao

Kambini, 10 Septemba

Lahsen, hujambo? Sijui hata nianzie wapi.

Juzi mwaka ulitimia. Alasiri wanawake wakajipanga mbele ya hema langu, bega kwa bega, katikati wameacha pengo. Pale pale alipokuwa akisimama Tuda. Kumbe hayo ndiyo waliyokuwa wakinong'ona, nani asimame pale. Wakakubaliana asisimame mtu.

Bihi akaja na tari la Tuda. Mti wake uliopasuka ameufunga waya, na ngozi ni mpya, ya mbuzi wake Bihi, yule mmoja aliyesalia. Akaliweka chini pamoja na kuni, akarudi nyuma.

"Kwa nini hukuniambia, mjinga wewe?"

"Ningekwambia, Mama Tuda, ingekuwa kama nakudai moto."

Kweli, mfiwa kudaiwa moto ni kukosewa adabu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hao! Nililia mpaka nikakaa chini, na hakuna aliyenihimiza. Kisha nikawasha.

Ngozi ilipopata joto nikaingia kwenye pengo. Sauti yangu unaijua ilivyo mbovu. Wakacheka, nami nikacheka.

Ukija, usifike kwangu kwanza. Pita kwa Bihi umwombe radhi, kwa niaba yangu pia, maana bado naona haya kumtazama. Mletee mbuzi. Jike, mwenye maziwa.

Mama yenu