Karatasi ya Unga kwenye Spika ya Kushoto

Lodwar, Jumatatu, 9 Septemba 2013

Upepo umeamka kabla yangu leo. Nilipotoka nje nilikuta vumbi limeshakalia kiti changu cha plastiki, kama mgeni aliyefika mapema na hana mpango wa kuondoka. Jua ni lile lile. Mtu akikuuliza hali ya hewa ya Lodwar, mwambie aangalie ya jana.

Moyo haujatulia. Sababu ni kipande cha karatasi ya unga.

Kwa wewe unayesoma hapa mara ya kwanza: mimi hukodisha spika. Harusi, mazishi, mikutano ya injili, na mpaka Machi iliyopita siasa, ambapo spika zangu ziliahidi visima vingi kuliko mchanga uliopo wa kuvichimba. Watu wa Kanamkemer, mtaa wetu, wananiita Mama Spika. Hata mume wangu ananiita hivyo. Yeye ni mwalimu, aliletwa huku na serikali, na mimi nililetwa na yeye kutoka Webuye. Mambo ya umeme sikusomea popote. Nilifundishwa na shoti.

Ninazo spika nne kubwa. Ile ya kushoto inakoroma. Sauti nzito ikipita inatoa mlio kama wa nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Wateja wamevumilia, wamechoka. Mchungaji mmoja aliniambia kwa upole kwamba kila akimtaja shetani kuna kitu kinaitikia upande wa kushoto.

Basi leo amekuja fundi kijana kutoka Kitale, na koni mpya ndani ya katoni. Koni ni ile karatasi ngumu nyeusi iliyo mbele ya spika, inayotetemeka ndipo sauti itoke. Akafungua skrubu, akachungulia, akacheka.

"Mama, nani alipika ugali hapa?"

Koni ya zamani imebandikwa kiraka cha pakiti ya unga. Nusu ya picha ya gunzi la mahindi bado inaonekana. Nilimwambia asubiri kidogo, naenda nyuma ya nyumba kuangalia kama maji yamekuja.

Maji hayaji Jumatatu. Najua hilo miaka sita sasa.

Aliyeweka kiraka hicho anaitwa Mugisho. Mkimbizi wa Bukavu, ambako "ndio" na "ndiye" zote ni "njo", mrefu, mwembamba, mwenye vidole vinavyotembea mezani hata akiwa anakula. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio ndani ya kambi ya Kakuma, kati ya duka la Msomali na mahali Wahabeshi wanapochoma kahawa. Nilimpelekea spika mara ya kwanza nikiwa nimekata tamaa. Alizitengeneza asubuhi moja, nikafungua mkoba nimlipe niondoke.

"Hapana, Mama. Bado kupima."

Akatoa gitaa la umeme lililounganishwa kwa nyaya za namna tatu, akalichomeka, na akapiga. Sikuwa nimewahi kusikia kitu kama kile. Ilikuwa kama lori linapanda mlima likiwa na furaha. Kahawa ya Wahabeshi ilitetemeka vikombeni. Msomali alitoka dukani, akasimama, akarudi ndani kufunga dirisha, na dirisha lenyewe likawa linaimba.

Dakika kumi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Spika yoyote aliyoishika haikutoka kwenye kibanda chake bila kupimwa kwa gitaa, na katikati ya kupima alikuwa anasimama ananiuliza, "Mama, imekaa?" Mwanzoni nilikuwa najibu, imekaa, tufunge. Baadaye nikaanza kujibu, bado. Sina uhakika ni lini nilianza kusema bado kwa spika ambazo zilikuwa nzima kabisa.

Kanisani walimpa nafasi kwenye kwaya, lakini kwa masharti. "Nikipiga ile yenye iko mu moyo, pasta anasema punguza," aliniambia. Nikamuuliza kwa nini anapenda kelele hivyo. Akaonyesha nje, vumbi likipita njiani. "Njo muziki moja tu yenye inashinda huu upepo."

Nikalikubali hilo. Niko huku miaka mingi, na huo upepo umeshinda kila kitu kingine.

Sasa, Oktoba mwaka jana vijana wa Nairobi waliamua kufanya tamasha la roki Eliye Springs, ufukweni kabisa mwa ziwa, Jumamosi na Jumapili. Roki, na ile ndugu yake nzito zaidi wanayoiita metali. Gitaa walikuja nazo. Spika walitaka za karibu, na za karibu ni zangu. Aliyekuwa anapanga mambo anaitwa Kevo, kijana wa ndevu, na daftari lenye ratiba halikumtoka mkononi.

Wiki hiyo hiyo Mugisho alipata habari yake. Jina limetoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo. Nchi ya baridi, ndege mwezi wa kumi na moja.

Nilimpongeza. Alishukuru. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu ambaye amesubiri ndege miaka tisa: "Mama, sijapigaka mbele ya batu hata siku moja. Kanisa, ndiyo. Kupima, ndiyo. Lakini kusimama, batu wananiangalia, spika kubwa, wanajua njo mimi? Hapana."

Nikamwombea ruhusa ya kutoka kambini kama fundi wangu. Ijumaa hadi Jumapili. Na nilipofika Eliye jambo la kwanza nilimfuata Kevo, nikamwombea Mugisho nafasi jukwaani.

"Mathe, listi imejaa mbaya," akasema. "Lakini tutacheki."

Nimefanya kazi na watu wa Nairobi vya kutosha. "Tutacheki" ni "hapana" iliyovaa miwani ya jua.

Jumamosi ilikuwa siku ya ajabu. Walivaa nyeusi wote, suruali nzito na buti, kwenye joto ambalo hata mbuzi walikuwa wamelala kwa zamu kwenye vivuli vya mikoma, ile mitende ya ufukweni. Mimi nilikaa nyuma ya mikisa yangu, ile mashine ya kuchanganya sauti, chini ya turubai, na Akai, mama mmoja wa pale Eliye anayeuza vikapu, akahamia kivulini kwangu na bidhaa zake zote.

"Ejok," akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Ejok noi."

Bendi ya kwanza ikaanza, mwimbaji akafungua koo. Akai akasikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha.

"Huyu ngamia," akauliza, "wamempakia nini?"

Kisha vijana wakaanza ile ngoma yao ya kusukumana kwa duara mchangani. Askari wa mlangoni, mzee mwenye rungu na koti la saizi moja kubwa kuliko yeye, alikimbia kuamua ugomvi. Aliwatenganisha mara tatu. Mara ya tatu walimwinua juu, wakampitisha kwa mikono mpaka upande wa pili, wakamteremsha taratibu na rungu lake. Alirekebisha kofia. Nikamwona dakika chache baadaye amerudi, anajifanya anakwenda kuamua tena.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mugisho hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni ya jukwaa, vidole vyake vinatembea kwenye goti.

Jumamosi ikaisha. Hatukuchekiwa.

Jumapili walianza saa nne, upepo wa ziwa ulipopungua. Gari la kumrudisha Mugisho Kakuma lilikuwa liondoke saa saba, hakuna mjadala, maana karatasi yake ya ruhusa ilikuwa inaisha siku hiyo. Saa tano nikamuuliza Kevo tena. Tutacheki. Saa sita kasoro bendi moja ikamaliza, nyingine ikawa inapanda, na Mugisho akaanza kukunja nyaya zake kwa unadhifu, kama mtu anayekunja nguo za msiba.

Hapa ndipo ninakiri, na ninakiri hapa kwa sababu Mwalimu hasomi blogu.

Nilienda nyuma ya spika ya kushoto kama mtu anayekagua, nikachomoa waya. Kwa mkono wangu huu.

Kisha nikapaza sauti: "Kevo! Spika imekufa!"

Alikuja mbio. Nikamwambia asihofu, fundi yuko. Lakini kazi yangu ina taratibu zake, spika ikitengenezwa lazima ipimwe.

Mugisho akapiga magoti, akaangalia nyuma ya spika, akaniangalia mimi.

"Mama. Huu waya haujajitoa."

"Mimi nitajuaje? Wewe njo fundi. Tengeneza, upime."

Sidhani kama nitasahau uso wake. Aliurudisha waya polepole, akafuta mikono kwenye suruali, akalichomeka gitaa lake la nyaya za namna tatu, na akapanda jukwaani. Akapiga uzi mmoja. Akaniangalia.

"Mama, imekaa?"

"Bado."

Akaanza na kitu cha kwaya, taratibu, kama mtu anabisha hodi. Watu walikuwa vivulini wanakunywa maji, hakuna aliyegeuka. Kisha akakanyaga kile kidude chake cha mguuni na lile lori likaanza kupanda mlima. Nikaona vichwa vinageuka. Nikaona watu wanatoka kwenye mikoma, wanaingia juani, jua la saa sita, bila kuitwa. Msichana mmoja mpiga ngoma wa bendi iliyokuwa inasubiri, kichwa kimenyolewa, akakaa kwenye ngoma zake na kuingia katikati kama aliyekuwa anaujua wimbo huo tangu utoto.

Mugisho akasimama ghafla. "Imekaa?"

"Bado! Upande wa besi!"

Kevo akanijia. "Mathe, si hii spika iko sawa?"

"Wewe ni fundi?"

Akaniangalia. Akaangalia jukwaani. Akafunga lile daftari lake. "Basi ipimwe vizuri," akasema, na akaenda mbele kusimama na wenzake.

Mara ya tatu Mugisho aliposimama kuuliza, sikuwahi kujibu. Akai alinitangulia, amesimama na kikapu kichwani.

"Bado!"

Na nyuma yake wote, wenye buti, wauza samaki, askari wa koti kubwa: bado.

Sijui alipiga muda gani. Najua alikuwa amefumba macho, na alipoyafumbua walikuwa wanamwangalia, na alijua wanajua ni yeye.

Halafu spika ya kushoto ikapasuka.

Kweli. Niliisingizia ugonjwa, ikanisikia. Mugisho aliisikia kabla ya mtu yeyote, akaacha kupiga saa hiyo hiyo, akashuka na kuweka kiganja kwenye koni, kama mtu anapima homa ya mtoto.

"Mama, sasa imekufa ya kweli."

Tulicheka wote wawili mpaka machozi. Yangu yalichelewa kukauka.

Ilikuwa imebaki nusu saa. Alikimbilia jikoni walikokuwa wanapika ugali, akarudi na pakiti tupu ya unga, akapaka gundi ya viatu, akabandika. Alikuwa bado anabonyeza kingo kwa kidole gumba dereva alipoanza kupiga honi.

"Iache ikauke," akasema akikimbia. Akafika mlangoni mwa gari, akageuka. "Mama! Hii sijaipima! Ntakuya kuipima!"

Bendi iliyofuata haikuweza kusubiri gundi. Ndiyo maana ile spika inakoroma.

Huwa ananiandikia. Anafanya kazi mahali wanapofunga kuku kwenye plastiki. Amenunua gitaa jipya, waya ni wa namna moja tu. Lakini anaishi ghorofani, kwa hiyo analipiga kwa vidude vya masikioni ili jirani asisikie. Huko, anasema, hakuna upepo wa kushindana nao. Wiki iliyopita aliuliza: ile spika ya Eliye inalia vizuri? Sijajibu. Ningesema nini, kwamba kazi yake ya mwisho kwangu ni mbovu, na kwamba miezi kumi na moja nimekataa isitengenezwe?

Basi leo nikarudi kutoka nyuma ya nyumba. Nikamwambia fundi aweke mpya. Kuna harusi Jumamosi, na bibi harusi wa watu hakunikosea.

Amemaliza saa tisa. Koni mpya inang'aa kama kiatu cha shule mwezi wa kwanza. Akashika kipaza sauti.

"Helo, helo. Moja, mbili, tatu. Mama, imekaa."

"Bado," nikasema.

Akashangaa. Akageuza kitufe hiki na kile. "Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sasa?"

"Bado."

Maskini alihesabu mpaka hamsini na sita. Ndipo Mwalimu akatoka ndani na chaki bado nyuma ya sikio, akasema, "Mama Spika, mwachie mtoto wa watu arudi Kitale."

Koni ya zamani nimeitundika ukutani, juu ya meza ninayoandikia haya kwenye daftari. Kiraka kimeshika vizuri, nimekijaribu kwa ukucha. Gundi ilikauka zamani, ila ilikaukia vibaya.

Kesho nitapita saiba, kwenye kompyuta za kukodi, niweke haya mtandaoni na nimjibu Mugisho. Sitaandika mengi. Spika ni nzima, imewekwa koni mpya, imehesabiwa mpaka hamsini na sita.

Kupimwa, bado.