Mkate Uliomfikia Mama

Kwako kaka yangu Migini, huko milimani,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una afya, na kile kifua chako kimepata nafuu, maana najua baridi ya huko haina adabu. Nawasalimu wote walio nawe. Ukitaka habari zetu, mimi na mume wangu Iadari tunapumua. Mgongo wake umepona ila hawezi tena kubeba kikapu cha zeituni. Shayiri imetoka kiasi, na watoto hawalali na njaa.

Barua yako niliipata ndani ya gunia la maharage, kama ulivyopanga. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Unasema umenisamehe kujiunga na kanisa lao, hilo la mfalme, kwa sababu siku ile nilimfungulia mjumbe wako Barike mlango, naye akamlisha Mama mkate ulioubariki wewe kabla hajafa. Unasema kila Jumapili unawasimulia wenzako habari hiyo, na wanaokata tamaa wanapata nguvu. Sasa unaniomba nikutumie kitambaa alichofungia Barike mkate ule ili wakibusu, na wa kwanza kukibusu awe mjane wa Barike. Basi kaa kitako, kaka, nikueleze. Hutaipenda barua hii.

Kwanza nikukumbushe mambo yalivyokuwa, maana wewe, padri wetu, uliondoka mapema. Baada ya amri ya mfalme kwamba sote tuingie kanisa lake, kanisa letu lilifungwa wiki mbili, likafunguliwa likiwa lao. Hawakubadilisha hata mkeka. Msimamizi wa shamba akatukusanya wakulima wote kwenye uwanja wa kupuria, akasema sheria inamruhusu kutuchapa mpaka tupate akili. Iadari alichapwa siku ya kwanza, akachapwa ya pili. Ya tatu nilikwenda mimi mwenyewe kwa padri wao, Kwinto, nikasema niandikeni. Nilidhani watanibatiza upya, walau nijue nimevuka mto. Kwinto akaniwekea tu mkono kichwani, akasema maji niliyobatizwa utotoni yanatosha. Nilirudi nyumbani nikiwa yuleyule, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Kilichobaki kubadilisha kilikuwa salamu. Sisi tulizaliwa tukisema Mungu asifiwe, wao husema Mungu ashukuriwe. Msimamizi alinicheka niliposita, akaniambia mama wee, unataka mumeo avunjwe mbavu kwa ajili ya neno moja? Nikalisema. Wiki za kwanza lilinikwama kooni. Nililisema kisimani, nikalisema shambani, nikawafundisha watoto waliseme, lile la zamani lisije likawaponza. Baada ya miezi minane sikuwa nikilisikia tena.

Mama hakujiunga. Msimamizi alimtazama, kikongwe nusu kipofu, akaona hafai hata kuchapwa. Unamjua Mama. Alitulea kwa hadithi moja tu: jinsi babu yake alivyokubali kukatwa kichwa kuliko kukabidhi vitabu vitakatifu vichomwe, na jinsi wengine walivyokabidhi, wakatubu kirahisi, wakawa maaskofu wa kanisa hilo lao. Nilipojiunga aliniita mkabidhi. Chakula alikula, maana alisema njaa haina kanisa, lakini alinikataza kumshika mkono wakati wa sala. Alipoanza kuugua aliomba kitu kimoja tu, mkate mtakatifu kutoka mikono safi. Nikakuandikia. Ukajibu kwamba Barike atauleta.

Sasa lile lenyewe. Alikuja mchana wa mavuno, saa ambayo kila mtu yuko uwanjani. Nilikuwa uani nachambua dengu. Sikuwa na mgeni, hapakuwa na shemasi wala msimamizi, kuku tu. Akasimama mlangoni, kifurushi chini ya kwapa, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu asifiwe."

Nami nikamjibu, "Mungu ashukuriwe."

Kaka, sikuogopa chochote. Ningekuwa nimeogopa ningekuwa na la kujitetea. Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyopiga chafya. Mazoea yana taabu.

Barike akarudi nyuma hatua moja. Akachungulia nyuma yangu, nadhani akitafuta waliojificha. Nikamwambia ulimi umeteleza, ingia, Mama anakungoja tangu juzi. Akatikisa kichwa.

"Ulimi hauna mfupa, dada," akasema, "lakini una mwenyewe."

Akaondoka na mkate wako. Sikuweza kumwita, kwa sababu kumwita kwa jina kungewaleta watu. Walimkamata kwenye shinikizo la kukamulia zeituni. Nasikia aliula mkate wote akikimbia usiangukie mikononi mwao. Yaliyobaki unayajua, ila ulidhani alikuwa anatoka kwetu baada ya kumlisha Mama. Ulidhani hivyo kwa kuwa mimi ndiye niliyekuandikia hivyo.

Nilipoingia ndani, Mama alikuwa ameketi. Alikuwa ameisikia sauti.

"Ni mtu wa Migini?"

Nikasema ndiye, ila anaogopa kuonekana, ameuacha mkate na kuondoka. Nikaenda jikoni. Palikuwa na kipande cha mkate wa shayiri nilioupika asubuhi, kile kilichoungua upande mmoja, watoto wakakikataa. Nikakiweka juu ya kitani safi. Akaniambia nimwekee magotini na nisikiguse, nami nikafanya hivyo. Akaomba. Akala polepole, akitafuna kwa fizi, machozi yakimtoka.

"Huu ndio mkate," akasema. "Ule wenu hauna ladha."

Nilikuwa nimesimama karibu naye, sijala tangu alfajiri. Akaligeuza lile jicho lake linaloona kidogo, akakifunika kipande kwa kiganja.

"Wewe sikupi, mwanangu. Unajua kwa nini."

Akala mpaka chembe ya mwisho, akalamba vidole. Alikufa kesho yake akiwa na furaha ambayo sijapata kumwona nayo. Mimi niliyeupika mkate ule ndiye peke yangu ninayejua, na tangu siku hiyo najiuliza: kama Mama hakuonja tofauti, Barike alikufa kwa nini? Iadari alichapwa kwa nini? Kwinto hawezi kunijibu, na nakuomba wewe usijaribu.

Juzi nilikata kitambaa nikutumie. Ningeweza, kitani hakina dini. Lakini nilipokifikiria kikiwa mdomoni mwa mjane wa Barike, mkono ulikataa. Mumewe alikufa kwa neno langu. Kama utamwambia au hutamwambia, hilo nakuachia wewe, na ule msamaha wako pia nakurudishia.

Usitume mtu tena. Wanalinda njia zote, na hata akifika salama, mimi si mlango wa kugonga.

Iadari hajui kama nakuandikia, hivyo hana salamu. Watoto wangekusalimu, lakini yule mkubwa, Gududa, huulizwa maswali na shemasi, nami nimewaambia wote kwamba mjomba wao alishakufa. Walilia siku moja, kisha wakaenda kucheza.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Emerita