Moto wa Tumbo na Kikombe cha Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni
Nimeamka na moto kifuani, kama jana na juzi. Maji machungu mdomoni. Kidonge, kisha nusu saa ya kungoja, kisha uji. Wiki ya tatu tangu wanipasue. Utumbo ulijisokota, ukaoza, wakakata zaidi ya nusu na kuunga ncha mbili kama ninavyounga mikono ya blauzi. Tumbo lenyewe hawakuligusa. Basi mbona ndilo linalowaka? Cherehani imefunikwa shuka. Inaniudhi kuiona.

Alhamisi, 5 Juni
Mama mkwe amefika kutoka Kibati na bidoni, dumu lake la maziwa. Alikimbia vita Masisi na ng'ombe wanne tu, na maziwa ya mmoja ameniwekea mimi. Kwao mgonjwa hunyweshwa maziwa, na kikombe hakirudishwi na kitu ndani. Mimi ni wa Butembo, kwetu ni wakulima. Miaka tisa ya ndoa, bado mawifi wananipima kwa ninavyokunywa. Nimekunywa yote. Moto ukatulia. Nikafurahi kama mjinga.

Jumapili, 8 Juni
Vikombe vitatu kwa siku. Vidonge nimeacha tangu Ijumaa. Vya nini, kama maziwa yanazima? Tena ni dawa ya tumbo, na mimi nilikatwa utumbo. Mume wangu sijamwambia. Atapiga kelele.
Natulia kidogo, kisha moto unarudi na hasira. Naharisha. Sketi inateleza kiunoni.

Jumanne, 10 Juni
Nimekunywa tena. Alikaa akinitazama nikimeza, mama wa watu, anatabasamu. Nimemchukia. Kisha nimejichukia.

Jumatano, 11 Juni
Choo cheusi kama lami. Naogopa. Wakinipasua tena watakata nini? Kilichobaki ni kidogo.

Ijumaa, 13 Juni
Hospitali. Kidonda tumboni, kilikuwa kinavuja damu. Dawa ya mshipani. Hawapasui! Nimelia mbele ya watu wote.
Daktari, binti mdogo kuliko mimi, amenikaripia kwanza. Halafu: "Mama, utumbo ndiyo ilikuwa inaambiaka tumbo, asidi inatosha. Sasa walikata kipande kubwa, ile habari haifike tena. Tumbo inatengeneza tu."
Itachukua miezi, kisha asidi itapungua yenyewe. Hadi hapo, vidonge kila siku. Maziwa yanatuliza kidogo halafu yanachochea, na utumbo mfupi hauyawezi.
Yaani nimejiumiza kwa adabu. Na nani atamwambia mama mkwe?

Jumapili, 22 Juni
Nyumbani. Mawifi wawili wamekuja, mama mkwe katikati, bidoni miguuni pake. Akanimiminia. Nikakipokea kikombe, sikunywa.
"Mama, maziwa inaniumiza. Nilikuwa naogopa kukuambia."
Wifi mkubwa akatazama dari. Mama mkwe akachukua kikombe mkononi mwangu, akanywa yote, akakifuta kwa kitenge chake.
"Nilikuwa naona unakonda," akasema. "Nikawaza pengine ninaleta kidogo."
Sikuweza kumtazama.

Jumapili, 29 Juni
Kidonge. Nusu saa. Moto upo, mdogo. Nimeitoa cherehani shuka, nimeshona ukosi mmoja, nimechoka.
Mama mkwe amepika uji wa mchele mwenyewe. Hajui kuupika, una mabonge. Ameuleta kwenye kikombe kile kile, akaenda zake uani bila kungoja.
Nimekirudisha kitupu.