Bia ya Karafuu, Alama Tatu

Alhamisi, Al Garhoud, Dubai. Mawingu mepesi, upepo wa kutosha kuwafanya watu watoe masweta kabatini. Sina raha.

Huu ndio msimu ambao Dubai inajifanya ina baridi. Hoteli zinawasha majiko ya gesi vibarazani, wageni wanajifunika mablanketi katika hali ya hewa ambayo Lushoto wangeiita mchana mzuri. Na mimi, niliyezeeka nikiandika habari za mahakama, nimetumwa kuonja bia za msimu wa baridi kutoka viwanda vidogo na kuzipa alama, moja hadi kumi. Mhariri alisema anataka kitu chenye furaha.

Zilikuwa sita, kwenye baa ya hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Tano zimetoka Ulaya. Ya kwanza nyeusi, ina harufu ya kahawa iliyoungua, tamu mwanzoni kisha inakauka: saba. Ya pili imejaa maganda ya machungwa na inanukia kama sabuni ya bafuni: nne. Ya tatu ndiyo bora. Uchungu wake unakuja polepole na kuondoka kwa adabu: nane. Mbili zilizofuata nilizisahau kabla sijameza. Tano tano.

Ya sita ilikuwa ya Stefano.

Stefano ni mtu wa Muheza, baba wa watoto wawili. Alikuwa mwosha vyombo wa hoteli hiyo hadi majuzi, alipohamishiwa kaunta kwa majaribio. Meneja wa baa, Mmoroko aitwaye Karim, alimruhusu atengeneze kinywaji maalumu cha baa: pipa moja la bia nyeusi ya kununua, iliyolowekwa viungo kwa siku kadhaa. Kikipendwa, kinaingia kwenye orodha ya msimu na Stefano anabaki kaunta. Kikishindwa, anarudi kwenye masinki. Alinieleza yote hayo mwenyewe akinimiminia.

"Dada, usinionee huruma," alisema. Kisha akainama. "Ila kama unayo kidogo, nionee."

Nilicheka. Nikanywa.

Ulimi ulikufa. Ilikuwa kama kutafuna karafuu kwa ajili ya jino bovu, halafu ukaambiwa umeze. Bia yenyewe sikuipata kabisa. Niliandika tatu, na hiyo tatu ilikuwa na ukarimu ndani yake.

Karim naye alionja, akatema kwenye leso. Lakini hakumgeukia Stefano. Aliyemgeukia ni muuza viungo wa Al Ras, kwenye soko la viungo, ambaye hakuwepo.

"Mwizi yule! Katuuzia karfa mbovu!" Walikuwa wakiongea kile Kiingereza cha kazini, ambacho kila mtu anachomekea maneno ya kwao.

"Hapana, sir. Karafuu nzuri sana. Nimechagua mwenyewe."

"Karfa nzuri haiwi hivi!"

"Karafuu namba moja, sir. Wallahi."

Wakaendelea hivyo, watu wawili wanaodhani wanataja kitu kimoja, wakibishana juu ya mtu wa tatu. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa Wamoroko, karfa ni mdalasini. Karim aliagiza viganja viwili vya mdalasini uliosagwa. Stefano alisikia karafuu, zao alilolichuma tangu utotoni, akaenda Al Ras akanunua, akasaga, akatia viganja viwili. Hakuuliza. Nani anauliza maana ya neno alilokua nalo?

Ningeweza kunyamaza. Karim angempigia simu muuza viungo, angemtukana, angehamia duka jingine, na Stefano angepewa pipa la pili. Lakini muuza viungo hakuwa na kosa, na mimi siwezi kukaa meza moja na habari isiyo sahihi. Ni ugonjwa wa kazi.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri mno. Karim alicheka mpaka akafuta machozi, na Stefano akacheka kwa sababu bosi amecheka. Nikadhani yamekwisha.

Kisha Karim akasema, taratibu, bila hasira, kwamba mtu wa kaunta lazima aelewe anachoambiwa. Leo ni viungo. Siku nyingine ni mgeni ambaye karanga zinaweza kumuua.

"Khalas, Stefano. Kesho rudi jikoni."

Nilimwambia kwamba hata yeye hakuhakikisha kama ameeleweka. Aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mgeni anayelalamikia muziki.

Hoja yake ilikuwa na mantiki. Hilo ndilo linalonikera. Ningefarijika kama angekuwa mpumbavu.

Stefano alinisindikiza hadi kwenye lifti.

"Kwa hiyo karfa ni mdalasini, dada?"

"Kwao, ndiyo."

"Na ulijua palepale?"

"Palepale."

Akabonyeza kitufe. "Basi si ungeniambia mimi kwanza, kwa Kiswahili? Yeye asingesikia kitu. Ningesema mwenyewe kwamba nimekosea kununua, nikaomba pipa jingine."

Milango ikafunguka. Niliingia nikabonyeza sifuri, mimi niliyewahoji mawaziri.

Sasa ukurasa uko mbele yangu. Tatu inabaki tatu. Sitaipandisha kwa sababu ya watoto wa mtu. Lakini alama si tatizo. Nilikuwa na lugha ambayo bosi haielewi, nikachagua ile anayoielewa. Nilikimbilia ukweli, au nilitaka meza nzima ijue kwamba maneno yote mawili nayafahamu?

Sijui. Nimezoea kuwauliza wengine maswali ya namna hii.

Asubuhi, kabla sijaandika sentensi ya kwanza ya makala, nitarudi hotelini Al Garhoud kumwomba Karim ampe Stefano pipa la pili. Huenda akakataa. Ila nitapitia kwanza mlango wa jikoni, nimuulize Stefano anataka niseme nini, na kama anataka niseme lolote.