Jiwe la Kukutania

Jumapili, 3 Novemba

Nimefika. Mgongo umekufa ganzi kwa safari. Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele kuna kiuno cha bibi harusi na mabega ya mwalimu mkuu, huku nyuma sasa nipo mimi. Shajara yenyewe nimeisahau dukani, chini ya cherehani. Akili zangu!

Kaka Mkubwa amenituma mambo mawili. La kwanza, nikunje nguo za Mama, za kugawa zigawiwe. Miezi saba tangu tumzike na bado zimetundikwa ukutani kama vile anarudi kesho. La pili, nimlainishe Baba. Jumamosi Kaka anakuja na mtu anayetaka kukodi shamba kwa miaka mitano. Baba atahamia mjini kwake, chumba kipo, kimeshapakwa rangi. Eti, "Wewe ndiye kitindamimba, wewe anakusikia." Ananisikia wapi! Mzee huyu hajawahi kumsikia mtu isipokuwa Mama, na Mama naye ilibidi aseme mara tatu.

Lakini Kaka ana hoja. Shamba nimeliona. Upande wa barabarani kuna matuta mapya, yamenyooka kama rula. Kipande kidogo tu. Halafu jiwe. Kutoka kwenye jiwe mpaka kijitoni ni majani, yananifika kiunoni. Na mvua hizo zinakuja.

Nimemuuliza Baba, mbona umeishia hapo? Akasema, "Mimi nimemaliza upande wangu." Basi. Akaendelea na chai yake.

Jumatatu, 4 Novemba

Nguo za Mama. Sikufika mbali.

Gauni la kijani nilimshonea mimi, mwaka nilioanza ufundi. Mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake! Alilivaa hivyo hivyo miaka ishirini, ule mrefu anaukunja. Hakuniambia hata siku moja. Nimelia, nimelipiga pasi, nimelirudisha ukutani. Nguo nitaendelea nazo kesho.

Niandike habari za jiwe kabla sijasahau, maana nikiwasimulia wateja dukani wanadhani natunga. Baba na Mama hawakulima bega kwa bega kama watu wengine. Baba alianzia barabarani, Mama alianzia kijitoni. Wanakuja wanatazamana, tuta kwa tuta, siku baada ya siku, mpaka wakutane kwenye jiwe. Siku ya mwisho birika la chai linawekwa juu yake. Anayefika wa kwanza anakaa, anakunywa, anamcheka mwenzake. Anayechelewa anabeba majembe yote mawili mpaka nyumbani.

Sisi watoto tulikuwa mashabiki. Kaka upande wa Baba, mimi upande wa Mama. Na Mama alishinda karibu kila mwaka. "Kobe! Njoo Kobe, chai inapoa!" Na Baba kutoka kule: "Wewe Upepo, vuma tu, mimi nafika!" Miaka arobaini na miwili. Ndoa ya watu hawa ilikuwa ya kupigiana kelele kutoka mbali.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefanya kituko.

Niliona nimsaidie Baba kidogo, labda ataona aibu naye aendelee. Nikachukua jembe la Mama. Mpini umelika pale alipokuwa akishika, nikatia viganja vyangu humo humo. Nikaanza kulima pale kwenye jiwe, nimeyapa mgongo matuta ya Baba, naelekea kijitoni. Nilikuwa hata sijatoka jasho.

Mungu wangu! Baba alikuja karibu anakimbia, na goti lake lile. "Hapo hapaanziwi! Hapo panamaliziwa!" Tangu msiba hajapaza sauti, leo kanipazia mimi. Nikaachia jembe. Akaliokota, akalifuta udongo kwa kiganja, akaondoka nalo.

Tumekula chakula cha usiku. Nikamwongezea maharage, hakuyagusa. Kimya kingi kina mshindo, naogopa.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekasirika. Nimekasirika sana!

Matuta ya zamani bado yanaonekana chini ya majani ukipapasa kwa mguu. Nimeyahesabu. Upande wa Baba, toka barabarani mpaka kwenye jiwe: thelathini na moja. Upande wa Mama, toka kijitoni: sabini na nne. Sabini na nne! Nikafikiri labda ya Baba ni mapana zaidi. Nikatoa futi mfukoni, nikapima. Yako sawa.

Mwanamke mwenye presha. Sabini na nne. Na sisi tulikuwa tunamshangilia jinsi anavyokimbiza jembe, kumbe alikimbia kwa sababu alikuwa na shamba zima mgongoni!

Nikamwendea Baba. Sikuzunguka. "Baba, ulimwachia Mama kazi yote ile?" Akaniangalia. Akasema, "Ndiyo." Hivyo tu! Akachukua kigoda chake akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Nimempigia Kaka. Nimemwambia njoo na mtu wako, mimi sina cha kumtetea huyu mzee.

Alhamisi, 7 Novemba

Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Asubuhi kaja jirani, yule shoga yake Mama. Mgongo umempinda lakini ulimi bado umenyooka. Karudisha ungo aliouazima kwa Mama. Akaniuliza mbona umenuna. Nikamwaga yote: sabini na nne, thelathini na moja, Baba mvivu. Akacheka. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mwanangu, lile jiwe lina miguu."

Mwaka Mama alipokuwa na mimba yangu, alivimba miguu. Baba akachukua mtaimbo, akalisukuma jiwe matuta kumi kuelekea kijitoni, ili Mama alime kidogo. Hakusema kitu. Mama akaona, naye hakusema kitu. Akafika wa kwanza, akanywa chai, akamwita mumewe Kobe. Jina lilianzia hapo! Alikuwa anachelewa kwa sababu alijipa mengi. Halafu Baba akapasuliwa ngiri. Akatoka hospitali, akakuta jiwe limerudi, tena limepita hata pale lilipokuwa mwanzo, kuelekea barabarani. Mama huyo. Mwaka wa homa ya Mama, likaenda kijitoni. Mwaka Baba alipofiwa na ndugu yake, likaja barabarani. Na kuna mwaka mmoja walinuniana kwa ajili ya ng'ombe aliyeuzwa bila Mama kuulizwa. Mwaka huo jiwe lilikaa katikati kabisa, nusu kwa nusu. "Hapo ndipo tulipojua nyumba ina moto," akasema jirani.

Miaka mitatu hii ni goti la Baba. Mama analisukuma kuelekea barabarani. Akienda kliniki kuchukua dawa za presha, Baba analirudisha. Akirudi, analisukuma tena. Watu wazima, wajukuu wanao, wanasukumiana jiwe! Mara ya mwisho ilikuwa wiki moja kabla ya kiharusi kilichomuua. Jirani anasema Mama alipita kwake kajaa udongo mpaka kwenye nyusi, anacheka, "Leo Kobe nimemweza. Hili hawezi kulirudisha."

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Nikapiga magoti. "Baba, nisamehe. Nimekukosea." Akanishika kichwa.  Kisha akasema hawezi kulipita lile jiwe. Mama alipoliweka ndipo lilipo. "Nikilivuka nikalima upande wake, Sindano, nitakuwa nimekubali kwamba haji."

Sindano ndilo jina langu kwake tangu utoto. Sikuwa nimelisikia miezi saba. Tumelia wote wawili, hatukuoneana haya.

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi nimekuta jembe la Mama limeegeshwa mlangoni kwangu. Limenolewa.

Nimelielewa. Nikavaa aproni ya dukani, nikazunguka mpaka kijitoni, nikaanzia mwisho. Uso kwa Baba. Yeye kakaa kule kando ya barabara, jembe lake mapajani, ananitazama tu. Jua kali. Viganja vimetoka malengelenge, vikapasuka. Nikaendelea.

Mara nasikia, "Tuta limepinda!"

"Mimi ni fundi nguo!"

"Hata mkono wa gauni ulipinda!"

Kumbe alijua! Miaka ishirini wote wawili walijua, hakuna aliyeniumbua. Nikasimama nikacheka, naye akacheka, mabega yanatikisika. Kicheko cha Baba! Nilidhani tumekizika.

Matuta tisa kwa siku nzima. Nimempigia Kaka asije. Nimemsimulia habari zote za jiwe, akasema ameshapatana na mtu wa watu, atamwambiaje? Na akauliza, tisa kati ya sabini na nne, unamdanganya nani? Mvua zitakukuta hapo hapo.  Kaka si mbaya. Anaogopa Baba atafia peke yake shambani, na mimi naogopa hivyo hivyo. Ila sasa naogopa zaidi kwamba mjini atakufa kwa kukaa, kwenye chumba kizuri chenye rangi mpya.

Sabini na matano — hapana, sitini na matano yamebaki. Hata hesabu zimenichoka.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika shambani, nimekaa juu ya tuta. Daftari lina udongo, bibi harusi atanisamehe.

Nimefika asubuhi, jiwe halipo.  Nikalitafuta kwa macho. Liko huku! Huku kwangu! Limeburutwa, alama yake inaonekana kwenye majani, mtaimbo umelala pembeni. Nimehesabu mara mbili. Mimi nimebakiziwa ishirini na matano. Arobaini kajipa yeye. Arobaini, na goti lile!

Na yumo. Kavuka. Yuko kwenye majani ya upande wa Mama, keshalima matatu, hanitazami. Analima kama mtu aliyechelewa. Nimelia huku nalima, sikuona hata ninapopiga jembe. Matuta yangu ya leo yamepinda kuliko ya jana.

Saa nne gari limesimama. Kaka na yule mtu, viatu vinang'aa. Kaka: "Shikamoo, Baba!" Baba, bila kuinuka: "Marahaba. Subirini hapo kivulini. Bado hatujakutana." Yule mtu akamuuliza Kaka, anakutana na nani?  Kaka alikuwa anatazama jiwe. Yeye kakua akilishangilia, anajua lilipokuwa. Amelifuata, ameweka mkono juu yake, akauliza kwa sauti, nani kalisogeza?  Jembe la Baba tu, pu, pu, pu.

Sasa wanaongea wawili, Kaka na mgeni wake, pale kando. Siwasikii. Mgeni anaonyesha saa. Kaka anatikisa kichwa, sijui ni ndiyo au hapana. Ameinama. Anakunja suruali. Labda anakwepa umande tu.

Nimeshajua nitakachofanya. Baba akienda kunyoa kesho, nachukua mtaimbo. Nalirudisha matuta matano upande wake wa barabarani, ili asipate kazi nyingi hivyo. Simwambii.

Anapiga kelele kutoka kule: "Sindano! Umekaa? Majembe leo utabeba wewe!"

Ngoja niinuke.