Bomba Jipya la Tarumbeta ya Baba

Mama yangu, shikamoo.

Bado nausikia ule mlio wa kwenye simu. Baba alikuwa anapuliza kidomo kitupu, kile cha kutia mdomoni, bila tarumbeta, kikivuma kama nyuki aliyefungiwa chupani, mpaka kikohozi kilipoukata. Anaendeleaje? Na mgongo wako? Mimi mzima, ila baridi ya huku Ujerumani imenipasua vidole.

Tarumbeta yake niliipokea kutoka kwa yule mgeni wa usharika mliyempa aniletee. Karakanani, fundi anayenifundisha kutengeneza ala, mzee Holger, alilibonyeza bomba la kupulizia. Kucha ikazama.

"Baba yako ameila hii kutoka ndani," akasema. "Huyo anakula nini, ndimu?"

"Ndizi," nikajibu. Alicheka peke yake. Unyevu wa pumzi huitafuna zinki iliyomo kwenye shaba, mwaka baada ya mwaka, hadi inabaki ngozi nyekundu inayovunjika kama ganda la yai. Mazishi yote aliyopuliza kwenye vihamba vya watu, kati ya migomba yao, Pasaka zote alfajiri makaburini, zimo humo. Nikawaza kifua chake kikoje.

Uliniandikia: "Mwambie tarumbeta imeshindikana kutengenezeka. Daktari kamkataza, akipuliza atatufia. Wewe atakuamini." Ni kweli, angeniamini. Nilimpigia nikiwa na uongo tayari mdomoni.

"Huyo daktari wenu anapuliza ala gani?" akaniuliza. "Mwanangu, tangu iondoke, watu wananisalimia kama mtu anayeagwa."

Uongo ule nikaumeza, nikarudi karakanani.

Kiraka kisingeshika. Nilikata shaba mpya, nikaikunja kuzunguka chuma, nikauchomelea mshono, nikaigonga, nikaipasha moto hadi ikawa nyekundu na kulainika. Nikamimina ndani lami iliyoyeyushwa ili bomba lisibonyee, nikalipinda polepole, kisha nikalipasha tena lami itoke. Mzee Holger alilikagua, akanirudishia bila neno. Kwake hiyo ni sifa.

Msalimie mdogo wangu Neema, asichoke kumpelekea Baba maziwa ya moto. Msalimie na shangazi Aisia anayekesha na Baba usiku wa kukohoa, na mwalimu wa bendi.

Mama, likitokea unaloliogopa, sitajitetea. Lakini sikuweza kumzika angali ananisemesha. Tarumbeta inalia vizuri. Nimeituma jana, na kwenye boksi nimeandika jina la Baba, si lako.

Binti yako,
Aikande