Suti ya Baba na Kadi ya Kipa

Mpendwa Mama Léocadie,

Naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, naandika nikiwa saluni, mteja wangu yuko chini ya draya, na hapa Yeoville kila ninayemweleza jambo hili anacheka kwanza, mimi sioni cha kuchekesha, ndoa yangu imekwama kwa sababu ya kadi ya mpira, kile kikaratasi kigumu chenye picha ya mchezaji mbele na maelezo yake nyuma.

Baba yangu anakusanya kadi hizo tangu enzi za Uvira, na anayempenda kuliko wachezaji wote ni kipa mmoja mzaliwa wa kwetu aliyekwenda kucheza Ubelgiji zamani, simtaji jina ili baba asinitambue. Mchumba wangu, nimwite Thierry, ni mlinzi wa ghorofa moja kule Hillbrow, mtu mpole, anasali, na yeye pia anakusanya kadi, ndivyo walivyozoeana na baba hata kabla hajaniona mimi vizuri. Alipokuja nyumbani kujitambulisha, msemaji wetu alitaja mambo ya dot, yaani mahari, kama desturi yetu ilivyo, vitenge vya shangazi, blanketi la bibi, suti na viatu vya baba, na hapo baba akamkatiza, akasema suti hataki, aletewe kadi ya ruki ya yule kipa, yaani kadi yake ya kwanza tangu aingie kwenye mpira wa wakubwa. Watu wote walicheka isipokuwa Thierry, ambaye aliitafuta miezi mingi mpaka akaipata kwa mtu wa Durban.

Siku ya dot ilikuwa mwezi uliopita, nyumbani kwetu mtaa wa La Rochelle, hapahapa Joburg, na wajomba walikuja wote, ndugu za marehemu mama yangu, Jeanne. Kadi ilipotolewa, mjomba Armel alishangaa, akamuuliza baba mbona ameomba kitu ambacho amekiringia miaka yote. Hapo inabidi nikueleze kwamba katika albamu ya baba, ukurasa wa kwanza, kuna stika ya yule kipa akiwa bado kijana kwenye timu ya taifa ya vijana, mama aliitoa ndani ya pakiti ya biskuti kabla hawajaoana, akampa baba, na baba amewaambia wajomba mara nyingi kwamba hiyo ndiyo ya kwanza kabisa. Ukurasa ule una stika hiyo na mfuko mmoja mtupu pembeni yake, basi, hakuna anayeruhusiwa kuweka kitu pale, hata mimi nikiwa mdogo nilichomeka picha yangu ya shule katika mfuko ule na baba akaitoa.

Sasa baba alikuwa bado hajamjibu mjomba, na Thierry, sijui shetani gani alimpitia, akajibu yeye.

"Ile haiko ruki, papa. Ile ni stika ya biskuti tu, haina maana."

Baba alifunga albamu polepole. Akamwambia, "Beba yako, urudi nayo. Utakuja siku utasema mbele ya hawa bashemeji zangu kama ile ya Jeanne ndiyo ya kwanza."

Tangu siku hiyo hakuna kinachosogea. Thierry anasema hawezi kuapa uongo, kadi zina msimu umeandikwa nyuma, na mtu akianza ndoa kwa kuwadanganya wakwe hataacha tena, anataka twende Home Affairs, ofisi ya serikali, tuandikishwe bila dot, mwezi ukiisha sijaenda atajua nimemchagua baba. Baba naye hagombi, anakula, anakwenda kazini, anarudi, anawasha televisheni. Shangazi anasema binti anayeolewa bila dot amejitupa mwenyewe, na kanisani wameshaanza kuniuliza tarehe. Nawapenda wote wawili, Mama, nimechoka, juzi nililia nikiwa namsuka mtu. Wewe sema tu gazetini ruki ya kweli ni ipi, ukisema wewe anayekosea atanyamaza.

Victoire (si jina langu)
Yeoville, Agosti 2017

Mama Léocadie anajibu:

Victoire, umemficha kipa jina ili baba yako asikutambue. Unadhani hapa Joburg kuna akina baba wangapi waliokataa suti ya dot wakaomba kadi? Ameshakutambua. Tuendelee.

Umeniuliza habari ya kadi, nitakujibu habari ya kadi. Nimeolewa na mkusanyaji, kwa hiyo mambo haya nayajua kuliko nilivyopenda. Ruki ya kweli ni kadi iliyotoka katika seti kamili, ikauzwa kwenye pakiti ambazo mtu yeyote angeweza kununua, kwa idhini ya ligi, katika msimu wa kwanza wa mchezaji kwenye timu ya wakubwa. Neno ruki likichapwa juu ya kadi lisikubabaishe, kiwanda huchapa kinachouzika, wewe tazama msimu. Kadi za timu za vijana huwa zimetangulia, na wakusanyaji wanazipenda, lakini hawaziiti ruki, kwa sababu vijana wengi hupigwa picha na wengi wao hatuwasikii tena. Kuhusu stika watu wanabishana. Wapo, hasa Ulaya, wanaozihesabu sawa na kadi, na siwezi kuwazuia. Ila hata hao watauliza kipa alikuwa timu gani. Stika ya mama yako ilitoka kipa akiwa hajadaka mpira hata mmoja wa ligi ya wakubwa. Kwa hiyo mchumba wako yuko sahihi, na kadi ya yule mtu wa Durban, kama msimu wake ni huo, ndiyo ruki.

Haya, jibu umelipata, na dot bado imekwama palepale.

Sasa rudia barua yako mahali ulipopita mbio. Nani aliomba ruki? Baba yako. Aliiomba huku stika iko kwenye albamu yake, na ili aipate aliiacha suti, ambayo siku ile ndiyo heshima ya baba na ndiyo angepigwa nayo picha zote. Kama angeamini stika ile ni ruki, angeomba nyingine ya nini? Baba yako anaijua sheria hii kuliko mchumba wako, na ameijua miaka yote. Anaposema ya kwanza anasema zawadi ya kwanza aliyopewa na mama yako, na mbele ya wajomba hakutaka kupambanua. Mjomba akauliza, baba akawa anatafuta maneno, na kijana akamwambia mbele ya ndugu wa marehemu kwamba kitu kile hakina maana. Mimi ningefunga albamu pia.

Thierry, najua unasoma juu ya bega lake. Ukweli wako hauna kosa, mdomo wako ndio una haraka. Swali halikuwa lako. Utawaita wajomba walewale, wasipungue, na utasema hivi: nilijibu swali ambalo sikuulizwa, na nimeidharau zawadi ya dada yenu, nisameheni. Habari ya msimu usiiguse kabisa, hutadanganya mtu. Na hayo mambo ya kumpa binti wa watu mwisho wa mwezi uyaache, Home Affairs haihami.

Baba Victoire, na wewe usijifiche nyuma ya televisheni. Usimtake kijana aape jambo ambalo hata wewe huliamini. Wajomba waambie mwenyewe kwa nini unaipenda stika ile, watakuelewa, alikuwa dada yao. Unamchelewesha mtoto wa Jeanne kwa jina la Jeanne, na hilo yeye asingelipenda.

Wewe Victoire nakugombeza mwisho kwa sababu ndiwe uliyenihuzunisha. Mwezi mzima unalia juu ya vichwa vya wateja, na hukumuuliza baba yako swali hata moja. Jumapili baada ya ibada mpikie, kaa naye, muulize mama aliipataje stika, umwache asimulie mpaka amalize, hata kama umeshaisikia. Kisha muulize mfuko ule mtupu ni wa nini. Sidhani kama utahitaji jibu. Alimwekea kipa nafasi pembeni ya mama yako, akangoja, na picha yako aliitoa kwa sababu nafasi ile ilikuwa na mwenyewe.

Wajomba wakishaombwa msamaha, Thierry ampe kadi mkononi, kwa mikono miwili, bila maelezo ya msimu wala ya ligi. Asiichomeke yeye. Baba yako ataichomeka mwenyewe, stika ibaki ilipo, na dot itakuwa imekamilika.

Na mtu asijitie wema akamnunulia suti. Alishachagua.